Bakteria Gani, kwa Ugonjwa Gani, katika Tumbo la Nani?

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kinyesi cha Wahadza 27 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wakikilinganisha na cha Waitaliano 16 wa mjini Bologna. Matumbo ya Wahadza yalikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Kwa watu wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, hilo halikushangaza sana. La kushangaza ni kwamba kwa Wahadza watu wazima, bifidobakteria hawakuonekana kabisa. Hao ndio ambao makopo ya probayotiki katika maduka ya dawa huwaita "bakteria wazuri", kana kwamba asiye nao ana upungufu wa kutibiwa. Wahadza hawafugi wala hawategemei maziwa, na huenda sababu ni hiyo. Watafiti hawakuona ukosefu huo kuwa ni maradhi.

Naanzia kwa Wahadza kwa sababu mjadala wetu wa probayotiki umekwama kwenye swali lisilojibika: je, zinasaidia? Wataalamu walioitwa na FAO na Shirika la Afya Duniani mjini Córdoba, Argentina, mwaka 2001, walisema probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea anayevipokea manufaa ya kiafya. Maelezo hayo ni makali kuliko yanavyosikika. Kijidudu kilichofia kwenye kopo lililoachwa juani hakimo. Chenye manufaa yanayodhaniwa tu, nacho hakimo. Na manufaa huthibitishwa kwa nasaba moja ya bakteria, yaani tawi moja ndani ya spishi, kwa kipimo kimoja, dhidi ya ugonjwa mmoja. Anayedhani jina la spishi linatosha akumbuke E. koli. Zipo nasaba zake zinazoharisha damu na kuua figo za watoto; ipo pia nasaba ambayo daktari Mjerumani Alfred Nissle aliitenga mwaka 1917 kutoka kwa askari ambaye hakuugua wenzake walipokuwa wakiharishwa, na mpaka leo inatumika kama dawa ya utumbo.

Ukilishika hilo, majaribio yanayoonekana kupingana yanaanza kueleweka. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watoto 971 waliofikishwa katika idara 10 za dharura wakiwa wanaharisha na kutapika. Nusu walipewa nasaba maarufu kuliko zote, GG ya Lactobacillus rhamnosus. Nusu walipewa unga usio na kitu. Walioendelea kuugua kwa kiwango cha kati au kikali walikuwa asilimia 11.8 kwa kundi la kwanza na asilimia 12.6 kwa la pili. Kitakwimu hakuna tofauti. Jaribio la Kanada la mwaka huohuo, lililotumia mchanganyiko wa nasaba nyingine mbili, nalo halikuona faida. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kutoka jimbo la Odisha, India, zilikuwa zimekuja habari tofauti kabisa. Watoto wachanga 4,556 wa vijijini walishiriki. Waliopewa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao, kwa siku saba tu, walipatwa na maambukizi ya damu au kufariki kwa asilimia 5.4, wakati wenzao walifikia asilimia 9.0.

Nani kasema kweli? Wote. Mtoto wa Marekani aliyekwisha kuugua, mwenye bakteria wake tele, hafanani na kichanga wa Odisha ambaye utumbo wake ndio kwanza unakaliwa. Ajabu ni wepesi wetu wa kuyabeba matokeo ya upande mmoja tu. Muuzaji hutaja Odisha, mwenye shaka hutaja Marekani, na mama wa Temeke au Kisumu hakushirikishwa katika jaribio lolote kati ya hayo.

Wapo wanaosema, hata kama hazisaidii, hazidhuru. Kauli hiyo ilistahili kuzikwa mwaka 2008. Nchini Uholanzi, wagonjwa mahututi wa kongosho walipewa mchanganyiko wa nasaba sita kupitia mrija wa utumbo, kwa matumaini ya kuzuia maambukizi. Maambukizi hayakupungua. Katika kundi la probayotiki walifariki 24 kati ya 152, yaani asilimia 16. Katika kundi jingine walifariki 9 kati ya 144. Wagonjwa tisa wa kundi la kwanza utumbo wao ulikosa damu, jambo ambalo halikumpata hata mmoja upande wa pili. Kwa mtu mwenye afya hatari ni ndogo mno, nakubali. Lakini kwa mahututi, kwa mwenye kinga iliyoporomoka na kwa mtoto njiti, kijidudu hai ni kijidudu hai.

Ushahidi mzuri uko wapi basi? Kwa mgonjwa anayetumia antibayotiki na aliye katika hatari ya kushambuliwa na bakteria Clostridioides difficile, uchambuzi wa majaribio 31 uliotolewa mwaka 2017 uliona kuharisha kunakoletwa na bakteria huyo kukishuka kutoka asilimia 4.0 hadi 1.5, na faida ikawa kubwa zaidi palipokuwa na hatari kubwa. Ugonjwa huo ukishakuwa sugu, tiba iliyofaulu si kidonge cha nasaba moja bali jamii nzima ya vijidudu: kinyesi cha mtu mwenye afya. Katika jaribio la Uholanzi la mwaka 2013, 13 kati ya wagonjwa 16 walipona kwa dozi ya kwanza, ilhali waliopewa antibayotiki ya vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Kinyaa tukiweke kando. Takwimu za namna hiyo ni adimu katika utabibu. Ila mwaka 2019 mgonjwa mmoja Marekani alifariki baada ya kupandikizwa kinyesi kilichokuwa na E. koli sugu ambayo haikupimwa. Nguvu ya tiba hii na hatari yake vina asili moja: huletwa jamii nzima, pamoja na wasioalikwa.

Kwetu pwani kuna somo ambalo naliona zito kuliko yote hayo. Huko Msambweni, Kaunti ya Kwale, watoto wa umri wa miezi sita walipewa unga wa virutubisho wenye madini ya chuma, kwa nia njema kabisa ya kuzuia upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha E. koli wa kuleta magonjwa wakiongezeka na utumbo ukipata uvimbe. Bakteria wabaya hupenda chuma kuliko tulivyodhani. Miaka miwili baadaye, ulipoongezwa galakto-oligosakaridi, sukari inayofanya kazi kama zile za maziwa ya mama, sehemu kubwa ya madhara hayo ilizuilika. Hakuna bakteria aliyeletwa kutoka nje. Watoto wanaonyonya tayari walikuwa na bifidobakteria. Walichohitaji ni chakula cha bakteria hao.

Mtindi na maziwa lala vinadai heshima yao hapa, na vinaistahili bila kupewa sifa za uongo. Watu wazima wengi wa jamii zetu zisizo za wafugaji hawawezi kumeng'enya laktosi, na bakteria wa mtindi huimeng'enya kwa niaba yao. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, ambayo imekataa karibu madai yote ya probayotiki, ililikubali dai hilo mwaka 2010. Mradi wa Yoba, ulioanzia Uganda, ulikwenda mbele zaidi: hataza ya GG ilipokwisha muda wake, nasaba hiyo ilitengwa upya, ikapewa jina jipya na kusambazwa kwa vikundi vya watengenezaji wa mtindi vijijini, gramu moja ikitosha lita 100. Kwa bei hapo probayotiki imeshakuwa yetu. Kwa ushahidi bado. Nasaba ileile ndiyo iliyoshindwa kuwasaidia watoto wa Marekani, na anayeinywa Mbarara anastahili kujua kwamba anakunywa mtindi bora, hanywi dawa ya kuharisha. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na zinki kwanza, bila mjadala.

Tanzania, tangu 2019, chakula kinasimamiwa na shirika la viwango, TBS, na dawa zinasimamiwa na mamlaka ya dawa, TMDA. Kopo la vidonge vya bakteria linaloahidi "kutibu gesi na vidonda" husimama mpakani mwa nyumba hizo mbili. Pendekezo langu ni dogo: kopo lisiloandika nasaba kwa jina kamili na idadi ya vijidudu hai hadi siku ya mwisho wa matumizi lisiruhusiwe kutaja ugonjwa wowote. Na kabla ya kopo jingine kusajiliwa, fedha za utafiti zielekezwe kwa vichanga wa hapa, kwa jaribio la kiwango cha Odisha. Wenye viwanda hawatalilipia, kwa kuwa nasaba isiyo na hataza haina mwenyewe wa kuipigania. Kwa hiyo linawahusu wizara za afya, taasisi za utafiti wa tiba kama NIMR ya Tanzania na KEMRI ya Kenya, na vyuo vikuu vyetu.