Anwani ya Mtu wa Mpakani

Mtu wa Busia au Malaba akiulizwa anakaa wapi, hujibu upesi kwa kutaja kijiji, mto, kanisa au soko. Akiulizwa barua zake zipelekwe wapi, husita kidogo. Swali hili la pili lina historia yake, na ni historia ambayo wanafunzi hawafundishwi, yamkini kwa sababu hudhaniwa kuwa jambo dogo.

Mpaka wenyewe si mkongwe. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, kufika Naivasha, ilihesabiwa kuwa upande wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na hatimaye Waiteso na Wasamia wakajikuta wengine huku na wengine ng'ambo. Lakini posta haikuujali sana mpaka huo. Tangu mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za namna moja, zenye majina ya nchi zote tatu, na mkataba wa mwaka 1967 uliweka makao makuu ya posta ya Afrika Mashariki mjini Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ushirika huo nao ulikufa. Barua ya kwenda kwa shangazi, ambaye moshi wa jiko lake waonekana ng'ambo ya mto, ikawa barua ya nchi ya kigeni.

Katika muda huo wote mtu wa kawaida hakuwa na anwani iliyo yake. Nchini Kenya tarishi hapiti nyumba kwa nyumba; barua hungoja katika sanduku la posta, na sanduku hukodiwa kwa ada ya kila mwaka. Waliolimudi ni shule, misheni, chama cha ushirika na mwenye duka. Wengine waliazima. Kijana aliyengoja jibu la kazi alijua kwamba bahasha yake itapita kwanza mikononi mwa mwalimu mkuu, na huenda jina lake likaitwa mbele ya watu wote gwarideni. Mwenye ufunguo alikuwa bwana wa habari za kijiji. Alipohama, au alipoacha kulipa ada, anwani za jamaa ishirini zilipotea kwa siku moja.

Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akachagua alama @ itenge jina la mtu na jina la mashine. Intaneti ilifunguliwa kwa umma nchini Kenya katika miaka ya 1990, lakini ilipita katika waya wa simu na gharama yake haikuwa ya mkulima wa muhogo. Hotmail ilianza mwaka 1996, Yahoo ikaanza kutoa masanduku ya bure mwaka 1997, Gmail mwaka 2004. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, vibanda vya saiba vilizidi kuenea hata katika miji midogo.

Aliyedhani kwamba uazimaji wa sanduku umekwisha alikosea. Mteja alikuja saiba akitaka huduma, akaambiwa kwamba hapana huduma pasipo barua pepe. Kijana wa saiba alimfungulia hapo hapo, akachagua neno la siri yeye mwenyewe, akaliandika katika kijikaratasi au katika daftari lake. Mteja alikwenda zake na anwani asiyoweza kuifungua. Ufunguo ulibaki dukani, kama zamani.

Haja yenyewe ilitoka serikalini. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ilianza kupokea hati za forodha kwa mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, na mawakala wa forodha wa mpakani wakalazimika kuzoea mashine. Baadaye kidogo, kwa iTax na eCitizen, ikawa zamu ya kila mtu: mwenye kutaka namba ya kodi, pasipoti au leseni ya udereva, na hata mwanafunzi aombaye mkopo wa masomo, sharti ataje anwani ya barua pepe.

Ndipo zikaja simu janja. Mnamo mwaka 2011 simu ya Huawei iitwayo IDEOS, itumiayo mfumo wa Android, iliuzwa Kenya kwa bei ya takriban shilingi 8,000, na nyingine za bei nafuu zikafuata. Simu ya namna hii ikiwashwa mara ya kwanza humwomba mwenyewe akaunti ya Google. Asipokuwa nayo, humwongoza kuifungua: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani aipendayo, neno la siri. Na kwa kuwa anwani mbili haziwezi kufanana, na akina Barasa na akina Ojiambo ni wengi mno, watu wengi walilazimika kutia tarakimu nyuma ya majina yao, kama ng'ombe wa serikali.

Kisha simu huuliza namba ya simu, ili itume tarakimu za kuthibitisha. Hapa ndipo mtu wa mpakani hupatwa na shida isiyomfika mtu wa Nakuru. Karibu na daraja simu hudaka minara ya ng'ambo. Wengi huwa na laini mbili, ya 254 na ya 256, na kampuni ya Celtel iliwahi kurahisisha mambo zaidi mwaka 2006 ilipoondoa gharama za kuvuka mpaka kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu aliandika namba yoyote iliyokuwa na salio siku hiyo. Lakini laini zisizosajiliwa zilizimwa Kenya kuanzia mwaka 2013, na Uganda nayo ilikaza masharti yake mwaka 2017. Mwenye kusahau neno lake la siri aliomba tarakimu, nazo zikapelekwa kwenye laini iliyokufa, au kwenye laini iliyokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Wako wasemao kwamba mtandao umefuta mipaka. Waje Malaba.

Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea mpakani, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitoa programu ya simu ya kuonyesha majibu hayo na kufuata safari za dereva. Mwenye simu ya Android huchukua programu katika duka la Google, na duka hilo halimfungulii mtu asiye na akaunti. Dereva aliyekuwa amefunguliwa akaunti na mtu mwingine, asijue neno lake la siri, alikuwa katika dhiki kubwa, kwa kuwa kibali cha kuvuka kilikuwa sasa ndani ya simu.

Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti zisizotumiwa kwa miaka miwili, na hapana shaka kwamba nyingi za zile zilizofunguliwa katika saiba zimo. Sanduku la chuma nalo halijaondoka. Fomu nyingi zingali zinauliza mambo yote mawili, na kijana amalizaye kidato cha nne huandika mstari wa kwanza sanduku la shule yake, Busia 50400, na mstari wa pili anwani ambayo ufunguo wake anao yeye peke yake.