Pilipili Uliyoisahau Ina Historia Kuliko Vasco da Gama

Kila keja ina hii stori. Ulinunua pilipili kwa mama mboga, ukatumia mbili, zilizobaki zikapotelea kwenye kona ya rafu nyuma ya chumvi. Miezi mitatu baadaye unahama, unazipata: nyekundu ya kuiva, nyepesi kama karatasi, ukizitikisa mbegu zinalia ndani. Onja uone, bado zinawasha. Hoho uliyonunua siku hiyohiyo iligeuka uji kitambo.

Wengi huzitupa tu maisha yakaendelea. Mimi nasema hiyo pilipili ya kona inaeleza mambo ambayo manahodha tuliokaririshwa shuleni hawaelezi.

Kwanza tujue kwa nini haiozi. Kuoza ni mbio kati ya kuvu na ukavu. Kuvu inahitaji maji. Pilipili ndogo ina ngozi na nyama nyembamba sana, na katikati ni hewa na mbegu tu. Maji yake ni kidogo, tena hayana safari ndefu ya kutoka. Hoho nayo ni zaidi ya asilimia 90 maji, imefungwa ndani ya ukuta mnene, kwa hivyo kuvu inafika kabla maji hayajaondoka. Halafu kuna kapsaisini, ile kemikali inayowasha. Mwaka 2008 Joshua Tewksbury na wenzake walichapisha utafiti kuhusu pilipili mwitu za Bolivia. Waliona kwamba pale ambapo wadudu wanatoboa matunda sana na kufungulia mlango kuvu iitwayo Fusarium, ndipo mimea mingi ina matunda makali. Yaani ule ukali ni askari wa mbegu. Ndege hawausikii kabisa, wanakula na kusambaza mbegu. Wanyama wenye meno ya kusaga ndio waliokuwa wanafukuzwa, sisi tukiwemo, lakini binadamu tulikataa kufukuzika.

(Ukiifunga kwenye plastiki ikiwa na unyevu itaoza vizuri tu. Muujiza una masharti.)

Sasa rudi nyuma. Pilipili hii si ya Afrika wala ya India. Ni ya Amerika, na watu wa huko wameitumia kwa zaidi ya miaka 6,000. Columbus alipovuka bahari mwaka 1492 alikuwa anatafuta njia ya kufika Asia, ambako pilipili manga ilitoka. Alichokipata ni tunda lisilo hata na undugu na pilipili manga, lakini kwa kuwa linawasha, nalo likaitwa pilipili.

Na sisi tulifanya hivyohivyo! Neno pilipili ni la zamani kuliko tunda lenyewe. Limetembea kutoka Kisanskriti, pippali, likapita kwa Waajemi na Waarabu hadi pwani yetu, likimaanisha ile punje nyeusi ya India. Mgeni kutoka Amerika alipofika akanyakua jina zima, na mwenye jina akalazimika kuongezewa la pili: pilipili manga, Manga ikiwa ni Uarabuni. Ni kama mgeni aje kwenu, alale kwenye kitanda chako, kisha wewe ndiye uambiwe ujitambulishe.

Waliomleta ni Wareno. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, Goa ikatekwa 1510, Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa Mombasa 1593. Kwa hizo tarehe tulipata maksi shuleni. Lakini fikiria ndani ya meli yenyewe: miezi baharini, joto, chumvi, hakuna friji. Nyanya mbivu haifiki ikiwa nzima. Pilipili inafika, kwa sababu ukiisahau kwenye gunia inajikausha, na mbegu zake zinabaki hai ndani ya ganda. Tunda lenyewe ndilo pakiti. Nahodha hakuhitaji kuwa mkulima. Alihitaji tu kuwa mzembe kama wewe na rafu yako. Katika karne ya 16 peke yake ilifika Afrika na India, ikawa ya wenyeji kiasi kwamba leo Mhindi ukimwambia ni ya kuja atakukatalia. Wareno wenyewe wanaiita piri-piri, jina walilolibeba kutoka upande wetu huu wa Afrika.

Sasa nije Birongo, kwetu, maana huku ndiko hii hoja inapata moto. Kisii ni milima na mvua. Jua la kuanika kitu siku tatu mfululizo ni bahati. Mahindi tunavuna yakiwa bado mabichi ndani, na ukizubaa yanaota ukungu kwenye gunia. Kwa hivyo wazee walitumia moto. Kwa magokoro, kichanja juu ya meko kilikuwa na kila kitu: mbegu za msimu ujao, mahindi, pilipili zimening'inia zikiwa nyeusi kwa moshi. Wamexico wa kale walifika palepale kwa njia yao: halapenyo ina nyama nene, ingeoza kabla ya kukauka, basi wakaifukiza. Neno chipotle linatoka kwenye lugha yao, Kinahuatl, na maana yake ni pilipili ya moshi. Leo inauzwa bei kali kwenye supamaketi. Ya magokoro tuliiona ushamba.

Na ukiangalia vizuri, karibu kila kitu kilichowahi kuleta pesa kwenye milima hii ni kitu kilichokaushwa. Wimbi, unaokaa ghalani miaka bila kuharibika. Kahawa, ambayo serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Kisii kupanda miaka ya 1930. Chai. Pareto, yale maua meupe yaliyokaushwa kwa kutengeneza dawa ya wadudu. Sisemi ukavu pekee unatosha. Wakulima wa pareto walikausha maua yao vizuri kabisa, malipo yakachelewa mpaka wengi wakang'oa mimea. Lakini chai na kahawa zinahitaji kiwanda, na kiwanda kina wenyewe. Pilipili ndiyo pekee inayojikausha yenyewe huku mwenyewe amelala.

Ndiyo maana hunishangaza vijana wenzangu wakija na mpango wa kilimo, wote ni hoho za rangi na nyanya za kwenye greenhausi. Sawa, zinapendeza kwenye picha. Lakini broka anajua kuhesabu siku kama wewe, na kila siku inayopita iko upande wake.

Nenda tu soko lolote la huku saa kumi na moja jioni, mawingu yakishaanza kushuka. Mwenye hoho ameshapunguza bei mara mbili na sasa anaongeza tatu za bure. Mwenye pilipili kavu anakunja gunia lake, analifunga kwa kamba, anauliza matatu ya mwisho inaondoka saa ngapi.