Virusi vya saitomegalo na glioblastoma

Virusi vya saitomegalo ni vya ukoo mmoja na virusi vya tetekuwanga. Huambukiza kwa mate, mkojo au maziwa ya mama, mara nyingi utotoni, na vikishaingia mwilini havitoki tena. Hujificha ndani ya seli huku kinga ya mwili ikivizuia visienee. Kwa kawaida mtu mwenye afya hasikii lolote. Hatari humkabili mtoto aliye tumboni, mgonjwa aliyepandikizwa figo, na mwenye UKIMWI uliokomaa, ambaye virusi hivi vinaweza kumpofusha.

Glioblastoma ndiyo saratani kali zaidi kati ya zile zinazoanzia kwenye ubongo wa watu wazima. Tiba ya kawaida ni upasuaji, mionzi na vidonge vya temozolomidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 573, ulionyesha kuwa nusu ya waliopata mionzi pamoja na vidonge waliishi zaidi ya miezi 14.6, ilhali kwa mionzi peke yake ilikuwa miezi 12.1. Nafuu hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini kila dokezo jipya hupokewa kwa hamu.

Mwaka 2002 Charles Cobbs na wenzake, huko Birmingham, Alabama, walitangaza kwamba wamekuta protini na vinasaba vya virusi hivi katika uvimbe wa ubongo. Cecilia Söderberg-Nauclér, wa taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, alikuta vivyo hivyo. Maabara nyingine hazikuona kitu, na usomaji wa vinasaba vya uvimbe mwingi haukuambulia dalili ya maana. Ubishi umebaki kwenye vipimo: rangi ya maabara inaweza kunasa protini isiyohusika, na kipimo chenye unyeti mkubwa huchafuka kirahisi. Isitoshe, kuwemo si kusababisha. Walio na virusi hivi ni mabilioni, na glioblastoma ni ugonjwa wa nadra.

Hata hivyo tiba ilijaribiwa: wagonjwa 42 nchini Sweden waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa valgansikloviri, dawa ya kupambana na virusi hivyo, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2013: ukubwa wa uvimbe haukutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa. Mwaka huohuo ikatoka taarifa nyingine yenye kishindo. Kati ya wagonjwa 50 waliotumia dawa hiyo, asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 18 ya waliotibiwa bila dawa hiyo.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Kundi hilo halikugawanywa kwa kura, na aliyemeza dawa miezi sita ni lazima awe ameishi miezi hiyo sita. Waliokufa mapema hawakupata nafasi ya kuhesabiwa upande wake. Dawa inaweza kuonekana inarefusha maisha, kumbe ni maisha marefu yaliyompa mgonjwa muda wa kuimeza. Ndiyo maana jaribio kubwa zaidi, la kura na vidonge visivyo na dawa, lilianzishwa Sweden mwaka 2019.

Watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, wameshika njia nyingine: chanjo inayofundisha kinga kuishambulia pp65, protini ya virusi hivyo. Jaribio lao la mwaka 2015 lilikuwa na wagonjwa 12 tu. Upande wa vidonge, madaktari hukabiliwa na tatizo la kila siku: valgansikloviri na temozolomidi zote mbili hupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo mgonjwa anayezitumia pamoja hupimwa damu mara kwa mara.