Usalama wa viwanda vya nyuklia: mambo Tokaimura inafundisha juu ya kazi ya wakaguzi

Wakati watu wanazungumuzia hatari ya nyuklia, wengi wanafikiria paka ile mitambo mikubwa yenye inatoa umeme. Lakini kabla uraniumu ifike mule, inapita kwanza mu viwanda vya kuitengeneza. Na kisha kutumika, uchafu wake unaenda mu viwanda vingine. Vile viwanda havijulikane sana, na mara mingi ukaguzi wake ulikuwa muzaifu kuliko wa mitambo ya umeme. Mufano wenye unaonyesha vile wazi ni wa kijiji cha Tokai, ao Tokaimura, mu inchi ya Japani.

Ilitokea nini?

Tarehe 30 mwezi wa 9, 1999, saa 4 na dakika 35 asubui, wafanyakazi watatu wa kampuni JCO walikuwa wanatayarisha uraniumu ya maji-maji kwa ajili ya mutambo wa majaribio wenye kuitwa Joyo. Haikukuwa uraniumu ya kawaida: nguvu yake ilipandishwa mupaka 18.8%, wakati ile ya mitambo mingi ya umeme haipite 5%. Sheria ya kazi ilisema wasipitishe kilo 2.4 za uraniumu kwa mara moja. Wao walimimina ndoo kisha ndoo mu pipa moja la chuma. Wakati walimimina ndoo ya saba, mule ndani mulikuwa karibu kilo 16. Mwangaza wa rangi ya buluu ulitokea, na alarmu zikalia.

Mambo yenye ilitokea inaweza kufasiriwa kwa mufano wa makala. Kipande kimoja-kimoja kikikaa mbali na kingine, moto unazimika. Ukivikusanya pamoja, vinachocheana. Atomi ya uraniumu ikipasuka inatoa vipande vidogo vyenye vinaenda kupasua atomi zingine. Mu chombo chembamba, vile vipande vingi vinatoka inje na moto haushike. Njo maana kiwanda kilikuwa na chombo kirefu na chembamba cha ile kazi. Pipa lenye walitumia lilikuwa pana, na lilizungukwa na maji ya kulipoza, yenye ilikuwa inarudisha vile vipande ndani.

Ule moto wa atomi uliendelea karibu saa 20. Ulizimika tu kisha wafanyakazi wengine kwenda kwa zamu kutosha yale maji ya kupoza, nao wakapata mionzi. Watu 161 wenye kuishi mu metre 350 walihamishwa, na watu karibu 310,000 wenye kuishi mu kilometre 10 waliambiwa wabakie mu nyumba. Mukubwa wa kijiji njo aliamua watu wahame, karibu saa ine na nusu kisha ajali, bila kungojea amri ya serikali kuu. Wafanyakazi wawili kati ya wale watatu walikufa: mumoja mu mwezi wa 12, 1999, mwengine mu mwezi wa 4, 2000.

Juu ya nini walitumia ndoo?

Serikali ilikuwa imetoa ruhusa ya ile kazi mu mwaka wa 1984, kufwatana na mupango wenye usalama: vyombo vyembamba, na kipimo cha kila mara. Lakini kazi yenyewe ilikuwa inakuja mara kwa mara tu, na ilikuwa inakawia. Pole pole kampuni ikatafuta njia fupi. Ilianza kuyeyusha uraniumu mu ndoo za chuma, kisha ikaandika ile njia mu kitabu chake ya kazi, bila kuomba ruhusa. Mu 1999 wafanyakazi wakaongeza hatua ingine: wakaruka chombo chembamba na kumimina mu pipa pana. Hawakukuwa wamefundishwa vizuri hatari ya kukusanya uraniumu mingi pamoja.

Kwa hiyo kulikuwa vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa ku biro ya serikali, na kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa mu mikono ya watu wa kazi. Hakuna mukaguzi mwenye aliviweka pamoja.

Wakaguzi walikuwa wapi?

Wakati ule, sheria ya Japani ilikuwa inaomba mitambo ya umeme ikaguliwe kwa vipindi, lakini haikuomba vile kwa viwanda vya kutengeneza uraniumu. Serikali ilichunguza mupango mbele ya kutoa ruhusa. Kisha pale, iliamini kampuni itaufwata. Tena, wenye kuchunguza mupango waliona kama ajali ya namna ile haiwezi kutokea. Njo maana hakukukuwa hata mutayarisho wa kuizimisha.

Na ilikuwa onyo la pili mu kijiji kimoja. Tarehe 11 mwezi wa 3, 1997, kiwanda kingine cha Tokai, chenye kilikuwa kinachanganya uchafu wa nyuklia na guduro, kilishika moto na kulipuka. Wafanyakazi 37 walipata mionzi. Kisha ikajulikana kama wakubwa wa kile kiwanda waliandikia serikali ripoti yenye uongo juu ya namna moto ulizimishwa.

Nini ilibadilika?

Mu mwezi wa 12, 1999, bunge la Japani lilibadilisha sheria. Viwanda vya kutengeneza uraniumu vikaingizwa mu ukaguzi wa vipindi. Wakaguzi wakapewa kazi ya kuangalia kama watu wanafwata kweli kanuni za usalama mu kazi ya kila siku, hapana kusoma karatasi tu. Mufanyakazi akapata haki ya kujulisha serikali makosa ya kiwanda chake bila kuazibiwa na patron. Sheria ingine ikapanga nani anaamuru watu wahame.

Mu 2000, JCO ilinyanganywa ruhusa. Mu mwezi wa 3, 2003, tribinali ya Mito ilikatia watu sita wa kampuni azabu ya kifungo yenye kusimamishwa, na kampuni ikalipa amande ya yeni milioni moja.

Lakini kosa moja lilibakia. Wakaguzi wapya wenye walianza mu 2001 walikuwa chini ya wizara yenye ilikuwa inatetea biashara ya nyuklia. Ilikuwa paka kisha ajali ya Fukushima ya 2011 njo Japani, mu mwezi wa 9, 2012, iliunda chombo cha ukaguzi chenye kujitegemea.

Na hapa Congo?

Congo haina kiwanda cha kutengeneza uraniumu ya mitambo. Lakini mionzi iko. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa uraniumu mingi yenye Marekani ilitumia mu bomu za 1945. Mwanzo wa 2004, rais alitoa amri ya kufunga ile mine. Mu mwezi wa 7 wa ule mwaka, ilibomokea wachimbaji wenye walikuwa wanaendelea kuchimba, na watu walikufa. Amri ilikuwa imeandikwa. Mu shimo watu waliendelea. Tangu 2002, inchi iko na sheria ya kulinda watu na mionzi. Na hata mu Kivu, koltani inaweza kuwa na uraniumu na toriumu kidogo, wakati wengi wanaisaga na kuibeba bila kupimiwa.

Kwa hiyo maulizo ya Tokaimura inagusa kila fasi kwenye kazi ya hatari: Mukaguzi anakuja wakati watu wanatumika, ao wakati mashini zimezima? Anaangalia karatasi, ao mikono? Nani anamulipa? Na mufanyakazi mwenye kuona njia fupi inaanza, anaweza kuambia nani bila kupoteza kazi?