Historia ya Jeli ya Chunusi, na Pomadi Zinazouzwa Kando Yake

Masako iko kaskazini-mashariki ya Kisangani, mwendo wa kilomita kama 15 kwa barabara ya zamani ya Buta, kwenye msitu ambao wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamezoea kwenda kuchunguza miti na wanyama wake. Kijana wa huko akiandikiwa na daktari jeli ya kupaka kwa ajili ya chunusi, hana budi kuifuata mjini. Anachorudi nacho ni tyubu ndogo iliyochukua zaidi ya miaka 70 ya majaribio hadi kupatikana. Kando ya tyubu hiyo, mara nyingi kwenye rafu ileile au meza ileile ya sokoni, kuna pomadi za kung'arisha ngozi ambazo huahidi mengi na kwa haraka zaidi. Ili tuelewe kwa nini ya kwanza huponya na za pili huharibu, inafaa tuanze na chunusi zenyewe.

Kila kinyweleo usoni kina tezi ndogo ya mafuta. Mtoto anapobalehe, homoni hukuza tezi hizo, na mafuta huongezeka. Wakati huohuo chembe za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandana ndani ya kinyweleo na kukiziba. Mafuta hukwama nyuma ya kizibo, bakteria wanaoishi humo kwa kawaida huzaliana, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Kwa hiyo sababu ni nne: homoni na mafuta, kizibo, bakteria, na uvimbe. Historia ya tiba ya chunusi ni historia ya madaktari waliozigundua sababu hizi moja baada ya nyingine, na kila aliyegundua moja alielekea kudhani kwamba ndiyo pekee.

Bakteria ndio walioonekana kwanza. Mwaka 1896 daktari Mjerumani Paul Gerson Unna aliwaona kwa hadubini ndani ya chunusi, na mwaka uliofuata Mfaransa Raymond Sabouraud akaeleza namna ya kuwaotesha. Hizo zilikuwa enzi ambazo vijidudu vilikuwa vinagunduliwa kuwa chanzo cha ugonjwa huu na ule, basi ilikuwa rahisi kuamini kwamba chunusi nazo ni maambukizo tu. Alexander Fleming, yule ambaye baadaye angegundua penisilini, aliandika mwaka 1909 kuhusu kutibu chunusi kwa chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria hao. Njia hiyo haikudumu. Kasoro yake tunaiona leo: bakteria haohao huishi pia kwenye nyuso zisizo na chunusi hata moja, kwa hiyo kuwepo kwao peke yake hakutoshi kuleta ugonjwa.

Maelezo mengine, yaliyopendwa zaidi na watu wa kawaida, yalikuwa uchafu. Maelezo hayo yaliendana vizuri na biashara ya sabuni, na hapo mkoa wa Tshopo, ambao Kisangani ni mji wake mkuu, unaingia moja kwa moja katika historia hii. Mwaka 1911 mfanyabiashara Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Kituo kimojawapo kiliitwa Elisabetha, nacho ndicho Lokutu ya leo, upande wa chini wa Kisangani kando ya Mto Kongo. Mafuta ya mawese yaliondoka, sabuni ikarudi, na pamoja nayo fundisho kwamba uso wenye vipele ni uso usiooshwa. Fundisho hilo si sahihi. Weusi unaoonekana kwenye kinyweleo kilichoziba si vumbi, na kusugua uso kwa nguvu mara tano kwa siku huongeza uvimbe. Kunawa kwa upole mara mbili kunatosha.

Ukweli kuhusu homoni ulikuja polepole. Mwaka 1931 Bruno Bloch wa Zurich alionyesha kwamba vinyweleo vilivyoziba huandamana na kubalehe, na mwaka 1941 Mmarekani James Hamilton alithibitisha kwamba wanaume waliohasiwa, ambao hawakuwa na chunusi, walizipata walipopewa homoni ya kiume. Kuhusu chakula, mabishano hayajaisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 uliiondolea chokoleti lawama, lakini mwaka 2002 watafiti waliochunguza watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaoishi kwa viazi, matunda, nazi na samaki, hawakukuta hata mmoja mwenye chunusi. Kwa maoni yangu ushahidi unaelekea kuonyesha kwamba sukari nyingi huzidisha chunusi, ila hautoshi kumwambia kijana kwamba ameugua kwa kosa la mdomo wake.

Dawa ya kupaka ya kwanza iliyostahili jina hilo ni benzoili peroksidi. Ilianza kutumika kwenye vidonda mwaka 1929, ikajaribiwa kwa magonjwa ya ngozi mwaka 1934, na kupata nguvu baada ya daktari wa Kanada, William Pace, kuandika juu yake mwaka 1965. Dawa hii huachilia oksijeni ndani ya kinyweleo na kuua bakteria, nao hawajaweza kuizoea. Baadaye ilionekana kwamba jeli ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ile ya asilimia 10, na haiunguzi sana kama hiyo. Kizibo, hata hivyo, kilibaki bila dawa ya kutosha.

Dawa ya kizibo ilitokana na vitamini A, ambayo mwili huitengeneza kutokana na rangi nyekundu ya mawese na ya karoti. Mwaka 1946 wanakemia wa Uholanzi walifaulu kutengeneza asidi ya vitamini hiyo, inayoitwa leo tretinoini. Mjerumani Günter Stüttgen aliipaka kwenye ngozi za wagonjwa mwaka 1962, na mwaka 1969 Albert Kligman wa Philadelphia, Marekani, alitangaza na wenzake kwamba inazibua vinyweleo. Mwaka 1971 ilikubaliwa huko kama dawa ya chunusi. Sehemu ya majaribio yake ilifanyika katika gereza la Holmesburg, ambako Kligman aliwatumia wafungwa, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi, kwa miaka zaidi ya 20 hadi mwaka 1974. Walilipwa pesa kidogo, na wengi hawakuelezwa sawasawa walichopakwa. Dawa ni nzuri na njia iliyopitiwa ilikuwa dhuluma. Mambo hayo mawili yasemwe pamoja.

Kligman huyohuyo ndiye anayetuunganisha na pomadi za sokoni. Ngozi nyeusi ikivimba hutengeneza rangi zaidi, na chunusi ikipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Kwa watu wetu wengi doa hilo huumiza moyo kuliko chunusi yenyewe. Mwaka 1975 Kligman alitangaza mchanganyiko wa kuondoa rangi: tretinoini, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ulikusudiwa kutumiwa kwa uangalizi wa daktari. Hata hivyo dalili za hatari zilikuwa zimeshaonekana. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza jinsi wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama walivyopata mabaka meupe mikononi kwa sababu ya kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyokuwa ndani ya glavu zao. Na katika mwaka uleule wa 1975, G. H. Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza wanawake waliopaka haidrokwinoni kwa muda mrefu wakaishia na nyuso nyeusi zaidi, zenye vinundu vigumu visivyoondoka. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, na Ulaya ikafuata mwaka 2001.

Steroidi ina udanganyifu wake. Ukipaka usoni pomadi ya sokoni yenye steroidi kama klobetasoli au betametasoni, wekundu na uvimbe huisha kwa siku chache, na doa hufifia. Basi mtumiaji huamini amepona. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na steroidi yenyewe huzaa chunusi mpya. Akiacha, uso hulipuka. Akiendelea, huharibika zaidi. Wengi wanaosema jeli ya daktari haifanyi kazi walikuwa wanailinganisha na kasi hii ya uongo.

Tukirudi kwenye dawa za chunusi, antibiotiki za kupaka, hasa klindamisini na eritromisini, zilienea baada ya tretinoini, lakini tayari mwaka 1979 bakteria wasiosikia dawa hizo walikuwa wameripotiwa. Ndiyo maana daktari mwangalifu hakuandikii klindamisini peke yake, bali huiambatanisha na benzoili peroksidi. Mwaka 1996 Marekani ilikubali adapaleni, iliyobuniwa Ufaransa. Ni ndugu wa tretinoini, ila haiunguzi sana kama hiyo na haiharibiwi upesi na mwanga. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu jeli yake ya asilimia 0.1 iuzwe bila cheti cha daktari. Kwetu bado inafaa kuanza kwa daktari au muuguzi, kwa sababu vipele vya steroidi hufanana na chunusi na tiba yake ni tofauti.

Kutokana na historia hii, maagizo ya daktari yanaeleweka. Jeli ya adapaleni au tretinoini hupakwa usiku, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje ya mahindi kwa uso mzima, kwa sababu kazi yake ni kuzuia vizibo vipya, si kukausha kipele kimoja. Wiki za kwanza ngozi hubabuka na chunusi huweza kuzidi. Matokeo huhesabiwa baada ya wiki 8 hadi 12, na madoa meusi hufifia baada ya hapo. Mjamzito asizitumie. Joto la Kisangani nalo lizingatiwe: jeli nyingine zinazochanganya klindamisini na benzoili peroksidi hutakiwa kukaa kwenye friji kabla ya kuuzwa, na umeme ukikatika mara kwa mara dawa inaweza kupungua nguvu. Muulize muuzaji ilivyohifadhiwa.

Kabla ya kulipa, soma pia viambato vyote vilivyoandikwa kwenye boksi. Ukiona haidrokwinoni, klobetasoli, betametasoni au zebaki katika kitu unachoambiwa ni dawa ya chunusi, kirudishe mezani. Na kama umeshakitumia kwa miezi, usikiache ghafla peke yako. Nenda kituo cha afya ukiwa na boksi lake mkononi.