Kupinga uamuzi wa bima ya mali: mfano wa Gitambi, Rusizi

Kupinga uamuzi wa bima ni hatua anazochukua mwenye mali pale kampuni inapoyakataa madai yake, au inapomlipa fidia isiyotosha kurudisha kilichoharibika. Gitambi, sekta ya wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, si mahali pa kwanza mtu angepafikiria kwa jambo hili, maana nyumba nyingi za vilimani hazina bima kabisa. Hata hivyo duka, ghala au nyumba iliyowekwa rehani kwa kawaida hukatiwa bima, kwa sababu mkopeshaji huidai kabla ya kutoa fedha. Tangu 2019 mpango wa serikali wa Tekana Urishingiwe Muhinzi Mworozi, unaomlipia mkulima asilimia 40 ya ada, umeifikisha bima mpaka kwa wakulima na wafugaji wadogo. Kwa hiyo swali la nani athibitishe nini baada ya hasara linawahusu watu wa hapa moja kwa moja. Jibu linalotetewa hapa ni hili: mwenye bima akishaonyesha kwamba hasara imetokana na janga lililotajwa kwenye hati yake, ni juu ya kampuni kuthibitisha, kwa maandishi na kwa kutaja kifungu, kwa nini hailipi.

Umuhimu wa jibu hilo huonekana ardhi inapotikisika. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Ziwa Kivu, likaharibu Bukavu, upande wa Kongo, na Cyangugu, iliyoko Rusizi. Upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, baadhi yao wakiwa kanisani. Saa chache baadaye likafuata jingine la 5.0. Bima ya kawaida ya moto hugharimia moto, radi na baadhi ya milipuko. Tetemeko, mafuriko, upepo na maporomoko ya ardhi huongezwa kwa ada ya ziada. Asiyeongeza hana dai, na hapo kampuni iko sahihi. Mgogoro wa kweli ni wa yule aliyeongeza kisha akaambiwa ukuta wake ulikuwa umechakaa tangu zamani. Nyufa zenyewe hutoa ushahidi. Zile za mshazari zinazokatana kama herufi X kati ya dirisha na dirisha huashiria ukuta uliosukumwa huku na huku, ilhali zinazopanda kama ngazi kutoka pembe moja ya msingi mara nyingi hutokana na udongo kudidimia polepole. Ufa wa zamani huwa na vumbi, utando wa buibui, pengine na rangi iliyopakwa juu yake. Ukuta wa rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, ni dhaifu zaidi, lakini ikiwa kampuni iliikagua nyumba, ikaandika aina ya ukuta na kupokea ada, haina haki ya kuugeuza udhaifu huo kuwa sababu ya kukataa. Ndiyo maana picha zilizopigwa kabla ya kifusi kuondolewa zina uzito kuliko malalamiko yoyote ya baadaye. Matetemeko mawili ya siku moja huzusha swali jingine: je, kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kikatwe mara moja au mara mbili? Hati nyingi huhesabu mitikisiko ya ndani ya saa 72 kuwa tukio moja, na asiyekisoma kifungu hicho anaweza kukatwa mara mbili bila kujua.

Malipo pungufu yana hesabu yake. Nyumba ya thamani ya faranga 20,000,000 ikikatiwa bima ya 12,000,000, hasara ya 5,000,000 hulipwa 3,000,000 tu, kwa sababu mwenye nyumba alilipia asilimia 60 ya thamani. Kanuni hiyo ya uwiano ni ya haki. Kinachofaa kupingwa ni makadirio ya thamani, hasa pale mkadiriaji aliyeletwa na kampuni anapoipandisha thamani ya nyumba nzima na kuishusha gharama ya matengenezo. Mwenye mali anaweza kuleta mkadiriaji wake, pamoja na bei za saruji na mabati za soko la Kamembe, mji wa Rusizi.

Wapo wanaosema kwamba kuzibana kampuni hupandisha ada za wote na kuwafungulia mlango walaghai. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa fidia hutoka kwenye mfuko wa pamoja. Lakini sharti la ushahidi humzuia tapeli sawasawa na linavyomlinda mkweli, na ada iliyo nafuu kwa kuwa wenye haki hawalipwi haimfai aliyeilipa. Pingamizi zito zaidi ni la gharama na umbali. Abunzi, wapatanishi ambao mwanakijiji amewazoea, hawamsaidii hapa: sheria yao ya 2010 iliitenga mikataba ya bima. Mgogoro wa mwenye bima na kampuni yake ni wa mahakama ya biashara, na kuifikia iliyoko Huye ni kuuvuka msitu wa Nyungwe. Kwa dai dogo, safari na wakili vinaweza kuimaliza fidia yenyewe.

Hiyo ni sababu ya kuanza na njia nyepesi: barua ya malalamiko kwa kampuni, kisha Benki Kuu ya Rwanda, BNR, inayosimamia bima na kupokea malalamiko ya wateja chini ya sheria ya 2021 ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Tanzania imekwenda mbali zaidi kwa kuwa na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya huzitaka kampuni zilipe ndani ya siku 90. Rwanda ingefanya vyema kuzipelekea wilaya za mbali usuluhishi wa aina hiyo. Kwa sasa, hatari kubwa kwa mdai ni stakabadhi ya malipo ya mwisho. Akiisaini kwa shida ya fedha, kwa kawaida amefunga dai lake lote. Kabla ya kutia saini, adai maneno “malipo ya mwisho” yafutwe na paandikwe kwamba anapokea sehemu isiyobishaniwa, huku salio likiendelea kudaiwa.