Asili ya Neno Shule

Tura ndipo misafara ya kale, ikiisha kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, ilipoingia Unyamwezi. Burton alipita huko mwaka 1857 akienda Kaze, yaani Tabora. Pamoja na nguo na shanga, maneno mengi ya pwani yalipanda bara kwa njia hiyo. Neno shule halikuwamo. Lilikuja baadaye, na wako walimu wafundishao kwamba ni Kiingereza kilichoharibika. Sivyo.

Shule ni Schule ya Wadachi, yaani Wajerumani. Hao walilipata kwa Warumi, waliosema schola. Na Warumi kwa Wayunani, ambao skhole yao maana yake ya kwanza ni nafasi, wakati mtu asipokuwa na kazi. Basi wazee wa zamani walionung'unika kwamba mtoto aendaye shule anakaa bure, na ng'ombe hawana mchungaji, hawakukosa sana: ndivyo neno lenyewe lisemavyo.

Wafaransa walirithi schola iyo hiyo. Ulimi wao wa kale haukupenda s na k mwanzoni mwa neno, ukatanguliza irabu, likawa escole. Kisha s ikafa, likabaki école. Ndivyo stella, nyota, ilivyogeuka étoile, na spina, mwiba, épine.

Hapo pana la kushangaza. Mapadri Weupe waliofika Tabora mwaka 1878 walikuwa Wafaransa. Tena Wabelgiji, ambao maofisa wao walisema Kifaransa, waliiteka Tabora Septemba 1916. Mara mbili école ilifika, isikae. Waingereza nao wakaja na school yao, wakafungua shule ya serikali Tabora mwaka 1922; watu wakaiita shule vile vile. Unguja, ambako Wadachi hawakudumu, wasema skuli. Lakini Rwanda, iliyokaa chini ya Wabelgiji zaidi ya miaka 40, wasema ishuri hata leo, nayo ni Schule ile ile.

Sisi twaona sababu mbili. Wadachi walikuwa na shule za serikali tangu ile ya Tanga katika miaka ya 1890, na makarani waliotoka humo walipelekwa bara, neno likiwa vinywani mwao. Tena iko sauti: katika shule hakuna s na k zilizogandamana, mtu wa Tura hulitamka asijikwae. Akipewa skuli, ulimi wake wataka kutia irabu, kama ulivyotaka ule wa Mfaransa wa kale.